Usimwite Taahira

Swali la insha likigusa ulemavu wa akili, watahiniwa wengi hujaza ukurasa kwa 'mwendawazimu', 'taahira', 'zezeta' na 'punguani', kana kwamba ni visawe. Si visawe. 'Taahira' limo kamusini, ni kweli, lakini sikiliza linavyotumika kwenye uwanja wa shule: ni tusi.

Tofautisha kwanza. Ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu yeyote, katika umri wowote, na mara nyingi hutibika. Ulemavu wa akili huanza tumboni au utotoni. Mwenye nao hujifunza polepole na huhitaji msaada katika baadhi ya mambo. Sindromu ya Down, kwa mfano, hutokana na kromosomu ya 21 iliyo ya ziada. Si laana ya ukoo wala kosa la mama, ingawa majirani bado humkata mama jicho.

Ukiliona jambo hili dogo, soma Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Kisha fungua Kifungu cha 83: aliyetangazwa kuwa hana akili timamu hawezi kusajiliwa kuwa mpiga kura. Akili timamu! Maneno mawili tu, nayo yanaweza kuwafagia pamoja mwenye ugonjwa na mwenye ulemavu, bila kuuliza nani anaelewa nini. Hapo, kwa maoni yangu, Katiba yenyewe imejikwaa.

Dhuluma ya kila siku, hata hivyo, haingoji sheria. Kijana wa miaka 20 anaingia dukani na dada yake, pesa ameshika yeye. Mwenye duka anamwuliza dada, "Huyu anataka nini?" Hakumtukana, lakini amemfanya kama hayupo. Nyumbani ni yaleyale: nguo atakazovaa, chakula, hata mahali atakapoishi, huamuliwa na wengine naye ameketi papo hapo. Tena huitwa mtoto hata akiota mvi.

Basi katika insha yako, usimlete mhusika kama huyu ili ahurumiwe tu, au afungiwe chumbani mpaka mfadhili aje kumwokoa. Mpe jina. Mpe kazi aijuayo, labda kuuza mayai au kuchunga ng'ombe. Na akiulizwa swali, wahusika wengine wamngojee ajibu, hata kama jibu lake litakula mistari miwili zaidi.