Sheria mpya ya kamari iko, lakini Jumamosi usiku ni wewe na simu yako

Kila mtaa una huyu mse. Ijumaa amelipwa ya mjengo. Jumamosi jioni ako base, multibet ya timu kumi, tisa zimeingia, moja inamchoma dakika ya 90. Jumapili anakuja kwako: "Buda, niokolee na thao, Jumanne nakurudishia." Unajua vizuri hiyo thao inaenda wapi. Na tukiongea ukweli, kuna wikendi huyo mse ni wewe.

Mwaka wa 2025 serikali ilionekana kuamka. Mwisho wa Aprili, matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30. Agosti, Rais Ruto akatia sahihi Sheria ya Kudhibiti Kamari, ikachukua nafasi ya ile ya 1966 iliyoandikwa wakati hakuna mtu aliyeota kubet kwa simu. Lakini hapo katikati, Julai, ushuru ukabadilishwa: kutoka asilimia 15 ya kila beti hadi asilimia 5 ya doo unayoweka kwa akaunti. Yaani mkono mmoja unazima matangazo, mwingine unapunguza bei ya kuingia.

Si kusema sheria ni bure. Ni vile tu hakuna kifungu cha sheria kitakuja kukaa na wewe kwa keja saa tano usiku, salio likiwa finje na Fuliza ikiwa bado inakubali. Hiyo kazi ni ya watu.

Hesabu haikupendi

Wasee wengi wanadhani shida ni bahati. Cheki hii. Chukua mechi kumi, kila moja iwe ni kama kurusha shilingi, nusu kwa nusu. Nafasi ya kupata zote kumi ni moja kati ya 1,024. Kwa haki, finje yako ingelipa karibu 51,000. Lakini kampuni haikupi odds za 2.00 kwa mechi kama hiyo, inakupa tuseme 1.85. Ukizidisha mara kumi unapata karibu 470. Finje yako inalipa 23,500 hivi. Zaidi ya nusu ya haki yako imeliwa kabla refa hajapuliza kipenga, na hiyo ni kabla ya ushuru.

Ndiyo maana ile "tisa kati ya kumi" inauma hivyo. Ubongo unaisoma kama umekaribia, na kumbe umepoteza sawa na yule alipata mbili. Kwa michezo kama Aviator ni mbaya zaidi, juu raundi inaisha kwa sekunde na hakuna muda wa hata kujuta.

Shirika la Afya Duniani linatambua uraibu wa kamari kama ugonjwa. Dalili ziko wazi: unabet kurudisha ulichopoteza, unadanganya watu wako, unabet pesa ya rent ukijua ni ya rent. Mtu akifika hapo, kumwambia "acha tu" ni kama kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Rudisha umbali

Zamani kucheza kamari ilibidi uende mahali. Sasa mshahara, mkopo na beti vyote viko kwa simu moja. Kwa hivyo dawa ya kwanza ni kurudisha umbali kati ya doo na beti, na hapo ndipo beste anaingia.

Chagua mtu mmoja. Si group nzima, mtu mmoja asiyebet na asiyekucheka. Siku ya malipo, kabla giza liingie, lipeni rent pamoja, moja kwa moja kwa landlord. Ya mathe itumwe hapo hapo. Inayobaki ya wiki, ifungie kwa akiba yenye tarehe, au yeye aishike akupe kidogo kidogo kila siku. Ndiyo, utahisi kama mtoto. Lakini chama zetu zimefanya hivi miaka yote: tunapeana pesa tuishikiane juu tunajijua.

Halafu funga milango. Kampuni za kubet zina sehemu ya kujifungia akaunti, itumie kwa kila moja uliyojisajili, na beste akiwa hapo akiangalia. Jiondoe Fuliza. Zuia zile SMS za "bonasi yako inakungoja".

Hamu ikipanda, piga simu kwanza, usibishane nayo ukiwa peke yako. Hamu huja kama wimbi, inapanda na inashuka. Ukipiga stori dakika 20, ukitembea hadi kwa muuza smokie na kurudi, mara nyingi imepungua. Na mechi bado unaweza kuwatch, lakini na watu, si na slip.

Kwa wewe beste

Usimpe cash ya kulipa deni. Kama unataka kusaidia, lipa duka mwenyewe, nunua unga. Cash mkononi mwa mtu anayefukuza hasara ni beti nyingine tu.

Na akianguka, juu wengi huanguka, kuna sheria moja: aseme siku hiyo hiyo. Ukimtukana leo, kesho atakuficha, na anayejificha ndiye anazama. Muulize tu ni nini kilitokea, saa ngapi, doo ilitoka wapi. Hapo mtajua ni mlango gani haukufungwa.

Akianza kuongea kama mtu amechoka na maisha, usingoje Jumatatu. Kaa naye, na mpigie Red Cross 1199, ni bure. Madeni ya kamari yamezika vijana, na mara nyingi hakuna aliyejua ni pesa ngapi, juu hakuna aliyeulizwa.

Serikali itaendelea kubishana kuhusu ushuru na matangazo, na kampuni zitaendelea kutafuta mlango mwingine. Wewe Ijumaa hii una swali moja dogo: mshahara ukiingia, ni nani utampigia kabla ya kufungua hiyo app?