Barua pepe zimefika, ila kwenye seva mliyoihama

Wiki ya kwanza baada ya kampuni kuhama seva ya barua pepe huwa na dalili zile zile. Jumatatu wafanyakazi wanatumiana ujumbe wa majaribio kutoka meza hadi meza, unafika papo hapo, fundi anatangaza kazi imekwisha, anadai malipo yake na kuaga. Kufikia Alhamisi mhasibu anapigiwa simu na mteja mwenye hasira: ankara niliyoomba tangu juzi iko wapi? Mhasibu anaapa hajaona ombi lolote. Mteja anaapa alituma. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Lile jaribio la meza hadi meza halikuthibitisha chochote. Ujumbe kati ya watu wawili walio kwenye seva moja hautoki nje kutafuta njia. Seva inawatambua wote na kuukabidhi humo humo ndani. Kipimo chenye maana ni ujumbe unaotoka kwingine kabisa: kwenye Gmail ya mtu binafsi, kwa mteja wa nchi jirani, kwenye fomu ya mawasiliano iliyo katika tovuti ya kampuni. Fomu hiyo ndiyo husahaulika kuliko vyote, na tutaona gharama yake.

Kanuni za SMTP, zinazosafirisha barua pepe hadi leo, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Januari 1986 Craig Partridge akaeleza matumizi ya rekodi za MX, yaani mstari katika mfumo wa majina ya vikoa (DNS) unaotaja seva inayopokea barua za kikoa fulani. Kuhama seva, kwa sehemu kubwa, ni kubadili mstari huo. Lakini mitambo ya dunia haiusomi upya kila mara. Ikishausoma huweka nakala, na kuitumia kwa muda unaoitwa TTL, ambao huwekwa na anayesimamia kikoa chenyewe. Sekunde 86,400, yaani siku nzima, ni kiwango cha kawaida. Ni kama kampuni iliyobadili S.L.P. wakati wateja bado wanasoma namba ya zamani kwenye madaftari yao.

Hapo ndipo kinapozaliwa kisingizio maarufu cha mafundi: subirini saa 48, mabadiliko bado yanasambaa. Hakuna kinachosambaa. Nakala za zamani zinaisha muda wake, basi, na muda huo unajulikana hata kabla ya kuhama. Fundi makini hushusha TTL hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla, anahama, kisha anairudisha ilivyokuwa. Asiyefanya hivyo anawasubirisha watu kwa uvivu wake mwenyewe, na saa hizo zikipita bila barua kuonekana, neno "subirini" si jibu tena.

Kinachoshangaza ni kwamba SMTP ni mvumilivu. Seva mpya ikiwa imezimika, seva inayotuma haikati tamaa; huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Kanuni zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2008 zinashauri majaribio yapishane kwa angalau dakika 30 na yaendelee kwa siku nne au tano kabla ya mtumaji kuambiwa imeshindikana. Kwa hiyo kuzimika kwa saa kadhaa si msiba. Msiba ni seva ya zamani iliyo hai, inayojibu "nimepokea", wakati hakuna mtu anayeifungua. Mtumaji hapati onyo, mpokeaji hapati barua, na kila upande unamwona mwenzake mzembe.

Chukua mpangilio ulio wa kawaida siku hizi. Shirika linahamishia barua zake Google Workspace au Microsoft 365, lakini tovuti inabaki kwa kampuni ile ile ya hapa nyumbani iliyokuwa ikihifadhi vyote viwili. Seva ya tovuti bado inajiona ndiyo mwenye barua za kikoa hicho. Mgeni anapojaza fomu ya mawasiliano, seva haiangalii rekodi ya MX kabisa. Inatumbukiza ujumbe kwenye kasha la zamani lililo ndani yake. Hapo kusubiri hakusaidii, hata kwa mwaka mzima. Dawa ni mpangilio mmoja tu: katika cPanel, yaani programu ya kusimamia seva ya tovuti, kwenye sehemu inayohusu kupitisha barua, mtu anachagua kwamba kikoa hiki kinapokelewa na seva ya mbali.

Wala fomu si mwathirika pekee. Katika mji ambao kampuni nyingi zimepanga seva kwa watoa huduma wachache, huenda mteja wako mkubwa yuko kwenye mashine ile ile uliyoihama. Barua yake inaishia humo humo. Ndiyo maana kuna ofisi zinazopata barua kutoka Ulaya na China lakini hazipati hata moja kutoka kwa mteja aliye mtaa wa pili, na mteja huyo akilalamika anaambiwa hajui kutumia kompyuta.

Upande wa pili ni anwani zisizo na mwenyewe. Info@, mauzo@, ajira@: nyingi si akaunti kamili, ni majina ya ziada yanayoelekeza barua kwa mtu fulani, hivyo hazionekani kwenye orodha ya wafanyakazi inayopewa fundi. Seva mpya isiyozijua hujibu kwa kosa namba 550, hakuna mtu kama huyo, na kosa linaloanza na tano halirudiwi. Angalau hapo mtumaji huarifiwa. Barua nyingine hunaswa na kichujio cha barua taka cha mtoa huduma mpya, ambacho hakijawahi kuwaona wateja wa kampuni hiyo.

Mafundi hawa hulaumiwa sana, na wengine wanastahili. Lakini mwenye ofisi naye ajiulize ni nani aliyemwagiza fundi afunge akaunti ya zamani siku hiyo hiyo ili kuokoa ada ya mwezi mmoja. Uingereza walilijibu swali la wajibu kwa fedha. Aprili 2018 benki ya TSB ilihamishia taarifa za wateja wake mfumo mpya, na watu hadi milioni 1.9 wakakwama kuingia kwenye akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo pauni milioni 48.65, na mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wake wa habari na teknolojia, Carlos Abarca, akatozwa pauni 81,620 yeye binafsi, kwa kutochukua hatua za kutosha kuhakikisha mtoa huduma anasimamiwa ipasavyo na yuko tayari kwa kazi hiyo. Duka la vipuri si benki, lakini tabia ya kumwachia mtoa huduma kila kitu na kuomba Mungu ni ile ile.

Mkataba wa kuhamisha barua pepe basi useme wazi: kasha la zamani libaki wazi siku 30 na lisomwe kila asubuhi na mtu aliyetajwa jina, orodha ya anwani zote, pamoja na zile zisizo na mwenyewe, itolewe kabla ya kuhama, nenosiri la kikoa liwe mikononi mwa kampuni na si kwenye simu ya fundi. Nusu ya malipo itolewe baada ya siku hizo 30. Fundi akikataa masharti haya, atafutwe mwingine.