NDOO YA NYENJE SI UCHAWI

Ndugu Wanakijiji wa Kisiba,

Juma lililopita vijana wetu wawili walimwagiwa maji ya moto ndani ya ndoo yao ya nyenje, hawa hawa wanaotulilia usiku. Waliomwaga ni watu wazima. Sababu yao? Eti mtoto anayefuga mdudu wa usiku ametumwa! Sisi wa ofisi ya tawi tunasema wazi: huyu ni yule yule adui ujinga aliyetangaziwa vita tangu Uhuru wa 1961.

Hebu tuulizane. Kumbikumbi wakitoka mvua za kwanza, nani hapa haweki beseni la maji chini ya taa? Kule Ziwa Nyasa watu hukusanya kungu wakala. Bukoba senene ni zawadi ya heshima. Hao hawaitwi wachawi. Ila mtoto akimlisha nyenje majani ya maboga, kaya nzima inanyooshewa kidole.

Na vijana wale hawakuwa wakicheza ovyo. Tulikwenda tukakaa nao. Wanajua anayelia ni dume, tena hulia kwa kusugua mabawa, siyo kwa mdomo kama tulivyodhani sisi wazee. Jike halii, ana kitu kama sindano mkiani, huchoma udongo mbichi akataga mayai humo. Wanajua ukiweka maji kisahanini wale wadogo hufa maji, basi wao hulowesha kitambaa. Wakikosa chakula nyenje hulana. Baridi yetu ya Juni na Julai huwadumaza, ndiyo maana ndoo ilikaa jikoni karibu na mafiga. Haya waliyaona kwa macho yao, hakuna aliyewafundisha. Wengine wetu tulijifunza kusoma ukubwani, tukachekwa njiani na daftari mkononi. Tunakijua kicheko hicho.

Bondo, nchini Kenya, chuo kikuu kimefanya utafiti wa ufugaji huu. Thailand maelfu ya wakulima huwauza. Na hata wakifugwa kwa kusikiliza sauti tu, kama Wachina tangu zamani, ubaya uko wapi?

Moja tunakubali: wakitoroka watakata miche bustanini. Basi dai mfuniko wa wavu wa waya, usilete sufuria ya maji ya moto.

Waliomwaga tunawafahamu, majina hatuandiki hapa. Ndoo mpya iko ofisini. Waje Jumamosi asubuhi waikabidhi wenyewe kwa vijana, mbele yetu.

Katibu wa Tawi