Jina la binti yangu lina kosa gani?

Ndugu Mhariri,

Wazazi wangu walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapokelewa Katumba, huku Mpanda. Vyeti vya uraia wa Tanzania vilitolewa mwaka 2014, nasi tukapata. Lakini jina la ukoo, Nshimirimana, bado linatuponza.

Juzi binti yangu alikwenda ofisi moja ya umma kufuatilia kitambulisho. Karani alisoma jina, akacheka, akamwita mwenzake aje alione. Kisha: “Kalete cheti cha babu yako.” Wenzake aliosoma nao walihudumiwa, yeye akarudi nyumbani analia. Burundi hajawahi kukanyaga. Kirundi chenyewe anababaisha, bibi yake humcheka. Sasa anataka aitwe Neema Juma. Juma ni nani kwetu? (Waha wa Kigoma, wenyeji kabisa, nao huulizwa hayohayo kwa kuwa majina yao yanafanana na yetu.)

Naomba wahusika watujibu hapa gazetini: mtu akishaonyesha cheti cha uraia, karani anaruhusiwa kudai nini zaidi? Nanyi wasomaji wenye majina kama letu, watoto wenu mnawaambiaje?

Mzazi,
Mpanda, Katavi