Mkanda wa taimingi: Unafuu wa uani, hasara ya barabarani

Katika biashara ya usafirishaji, gharama isiyoonekana ndiyo inayoua mtaji. Mafuta huonekana kila siku, na matairi huonekana yanapokwisha. Mkanda wa taimingi umefichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini, na wengi huukumbuka siku unapokatika.

Kwa wakazi wa Chanika, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, suala hili si dogo. Kutoka huko hadi Kariakoo kwa njia ya Pugu na Gongo la Mboto ni karibu kilomita 30. Gari linalokwenda na kurudi mara moja kwa siku, siku sita kwa wiki, hutembea zaidi ya kilomita 18,000 kwa mwaka. Teksi inayotembea kilomita 150 kwa siku, kwa siku 300, hufikisha 45,000.

Kwa injini nyingi za Toyota za petroli zenye mkanda, kipimo cha kiwandani ni kilomita 100,000. Hivyo gari la kwendea kazini lina miaka mitano na ushei, na teksi ina miaka miwili na miezi michache. Hata gari linaloegeshwa muda mrefu halisalimiki, kwani mpira huzeeka kwa joto na kwa umri.

Ipo haja ya kutofautisha injini. Magari kama IST na Vitz yenye injini za jamii ya NZ hutumia cheni, ambayo haina ratiba ya kubadilishwa bali hudai oili safi kwa wakati. Noah ya zamani ya SR40 yenye injini ya 3S-FE hutumia mkanda, na vivyo hivyo Corolla ya 5A-FE, Hiace ya 3L na Land Cruiser ya 1HZ.

Hasara nayo hutofautiana. Mkanda ukikatika kwenye 5A-FE, injini huzimika lakini kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni. Kwenye injini za dizeli kama 3L na 1HZ nafasi hiyo haipo. Pistoni hupiga valvu, valvu hupinda, na silinda hedi hulazimika kufunguliwa.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Mtu aliyekatikiwa na mkanda kwenye Corolla, akafungiwa mwingine na kuondoka siku hiyo hiyo, huamini kuwa mkanda ni kitu cha kusubiri mpaka kikatike. Akinunua Hiace ya dizeli kwa imani hiyo, siku moja anaweza kupoteza akiba ya mwaka mzima.

Je, kazi hii ifanyike nyumbani? Hakuna ubaya wowote kiuchumi. Fundi anayekuja uani na spana zake halipi pango la gereji, mwenye gari hushuhudia kila kipuri kikifungwa, na fedha hubaki mtaani. Kosa si uani. Kosa ni kuutafuta unafuu mahali pasipostahili, yaani kwenye vipuri.

Sehemu kubwa ya ufundi katika kazi hii ni kufungua na kufunga. Fundi hutumia muda ule ule kuufikia mkanda, awe anabadilisha mkanda peke yake au pamoja na beringi ya tenshena, aidola na oili sili za krenki na kamshafti. Kwenye 3S-FE pampu ya maji pia huzungushwa na mkanda huo huo. Anayeacha beringi iliyochoka ili aokoe fedha kidogo anajiandalia kulipa ufundi mara mbili, kwani beringi ikikwama au sili ikivujisha oili, mkanda mpya nao huharibika.

Upo pia ukaguzi usiogharimu hata senti moja. Kabla ya kuvua mkanda, alama za puli ya krenki na ya kamshafti hulinganishwa. Baada ya kufunga mpya, krenki huzungushwa kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili. Alama zikirudi mahali pake, ndipo ufunguo uwashwe. Fundi anayeruka hatua hiyo anacheza kamari kwa mtaji wa mwenzake.

Kuhusu soko la vipuri, Kariakoo na Gerezani hupatikana mikanda ya kila aina: halisi, ya viwanda vingine vinavyoaminika, ya bandia, na ile iliyovuliwa kwenye injini za mtumba. Alteneta ya mtumba inaweza kuwa biashara nzuri. Mkanda wa mtumba si biashara hata kidogo, kwani umri wake haujulikani. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inakataza bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia, lakini mnunuzi asiye na risiti hana pa kuanzia akitaka kudai haki yake.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika Japani wana nyenzo moja wanayoipuuza. Mafundi wa huko hubandika stika mbele ya injini kuonyesha tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu husomeka. Mwaka ukiwa wa enzi ya Heisei, huongezwa 1988, hivyo mwaka wa 20 ni 2008. Stika isipokuwepo, busara ni kuuhesabu mkanda kuwa umekwisha, hasa kwa kuwa mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi liko kwenye mfumo wa hesabu. Dereva hupeleka kwa tajiri kiasi maalumu kila siku, na kinachobaki ndicho chake. Gari likilala uani siku moja, yeye hakosi tu posho, bali mara nyingi hubaki na deni la hesabu. Mlio wa beringi akiusikia, kwa nini aseme? Matengenezo ni ya tajiri, lakini siku iliyopotea ni ya dereva. Mkataba wa namna hiyo humlipa mtu anayenyamaza.

Dawa yake ni nyepesi. Tajiri asamehe hesabu ya siku ya matengenezo yaliyopangwa, kisha kilomita za mabadiliko ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya kifuniko. Kwenye magari yenye taa ya mkanda kwenye dashibodi, kama Land Cruiser ya 1HZ, taa isizimwe kabla ya kipuri kubadilishwa.

Mafundi nao watoe hati fupi yenye tarehe, kilomita na orodha ya vipuri. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunza kazini, na fundi wa gereji bubu anayeutumia atakuwa na cha kumwonyesha mteja zaidi ya maneno.

Wenye magari ya biashara Chanika hawana sababu ya kuogopa uani mwao. Waogope kuhesabu bei ya mkanda bila kuhesabu bei ya injini. Mfanyabiashara anayetenga kiasi kidogo kwa kila kilomita elfu moja atabadilisha seti nzima kwa siku aliyoichagua mwenyewe, siyo siku atakayochaguliwa na mkanda akiwa na abiria kwenye mlima wa Pugu.