Tusiihukumu spika ya pembe kwa kelele za mtaani

UKIMTAJIA mkazi wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala spika ya pembe, atakumbuka gari la kampeni, mhubiri wa stendi ya mabasi au tangazo la mnada. Hatakuwa na hamu ya kuweka kitu hicho sebuleni. Namwelewa. Lakini kinachomkera ni kibati hafifu kilichofunguliwa sauti hadi mwisho, na kwa sababu yake tumeipa kisogo njia bora ya kusikiliza muziki nyumbani.

Spika ya kawaida husukuma hewa kwa utando mtupu, na nguvu nyingi hupotea bure. Pembe, nyembamba shingoni na pana mdomoni, huuwezesha utando kuishika hewa vizuri. Ndiyo kazi ya siwa ya Lamu, na ndiyo maana mchungaji anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde hukinga viganja mdomoni. Siti binti Saad aliporekodi santuri kule Bombay mwaka 1928, gramafoni za kuzungusha kwa mkono zilizozicheza hazikuhitaji umeme. Pembe ilitosha.

Tatizo ni besi. Wimbi la sauti nzito huwa na urefu wa mita kadhaa, na pembe yake ingejaza nyumba nzima. Mmarekani Paul Klipsch, aliyeanzisha kampuni yake mjini Hope, Arkansas, mwaka 1946, aliikunja pembe ndani ya kabati, kisha akalisukuma kabati kwenye pembe ya chumba ili kuta mbili zimalizie kazi. (Kiswahili kilikuwa kimeziita zote mbili pembe kabla yake.) Spika hiyo, Klipschorn, hutoa takriban desibeli 105 kwa wati moja, ukipima mita moja mbele yake. Spika ndogo za nyumbani hutoa kama 87. Kila desibeli tatu zinadai nguvu maradufu, kwa hiyo ndogo itahitaji wati zaidi ya 60 kuifikia kubwa inayotumia moja.

Faida yenyewe si kelele. Nilizisikia kubwa za aina hii kwa mzee mmoja mkusanyaji wa santuri. Aliweka rumba ya zamani, sauti ya chini kiasi kwamba tulimsikia mkewe akiongea jikoni. Hata hivyo, kila mpigo wa konga ulifika mzima, kama kiganja kimegonga ngozi palepale. Utando husogea kidogo tu, hivyo hauchoki wala haukwaruzi mpigo wa ghafla unapokuja, na mwimbaji hubaki na kimo cha mtu.

Sisi tunauziwa nini? Sabufa ya plastiki iliyoandikwa wati elfu kadhaa, na waya wake wa umeme ni mwembamba kama wa chaja ya simu. Hesabu hiyo haiwezekani, lakini tunalipa. Kinanda cha taarabu na gitaa la Kikongo vinageuka mngurumo mmoja, na watoto wetu wanakua wakidhani ndivyo vinavyolia.

Sisemi kila mtu akanunue Klipschorn. Ni ghali, ni kubwa, na anayeishi chumba kimoja hana pa kuiweka. Tena pembe iliyochongwa ovyo humfanya kila mwimbaji aimbe puani. Lakini mafundi seremala wa Keko na Gikomba wanaojenga makabati kila siku wanaweza kukunja mbao hivi wakipewa michoro sahihi, na vyuo vyetu vya ufundi vinaweza kuwafundisha hesabu yake. Na dukani, msomaji, muulize muuzaji desibeli kwa wati moja kabla ya kuuliza wati.

Yule mzee anahitaji kona mbili. Moja ilikuwa ya jokofu. Sasa jokofu liko koridoni, na mkewe ndiye anayechagua santuri ya kwanza kila Jumapili.