Kware Si Kuku Mdogo

Anayetaka kutotolesha mayai ya kware nyumbani hakosi washauri. Jirani anayefuga kuku ana lake, fundi aliyemuuzia mashine ana lake, na muuza mayai sokoni naye ana lake. Sehemu kubwa ya ushauri huo ina asili moja: ni mambo ya kuku aliyopewa kware bila kupimwa upya. Haya hapa madai saba yanayosikika sana, na sababu za kutoyafuata.

1. "Muache jike ayaatamie mwenyewe."
Tetea wa kienyeji akishataga ya kutosha hulala kiotani. Kware wa kufugwa hana desturi hiyo. Asili yake ni Japani, ambako tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji walichagua kizazi baada ya kizazi majike wanaotaga sana. Jike anayeatamia hatagi, kwa hiyo hakuchaguliwa, na silika ya kuatamia ikafifia. Leo kware huangusha yai popote alipo na kwenda zake. Wapo wanaomwekea tetea mayai hayo, na mara nyingine hufaulu, lakini yai la gramu 10 hadi 12 lenye ganda jembamba huvunjika upesi chini ya kuku, na kifaranga mwenye gramu 7 hivi hukanyagwa. Mashine haikwepeki.

2. "Yai lolote ambalo halijapikwa linafaa."
Yai huwa na mbegu pale tu jike anapokaa na dume, na kwa kawaida dume mmoja huwekewa majike watatu au wanne. Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula hana sababu ya kulisha madume, kwa hiyo trei nzima ya sokoni inaweza kukosa hata yai moja lenye mbegu. Lenye mbegu nalo lina muda wake. Likihifadhiwa mahali penye ubaridi wa wastani, nyuzi joto 15 hivi, liingie mashineni ndani ya siku 7. Lililoshinda juani kwenye meza ya muuzaji huenda kiinitete chake kilishaanza kukua kisha kikafa. Wala usiyaoshe mayai ili yapendeze, kwani juu ya ganda kuna utando unaozuia vijidudu kupenya.

3. "Ukifikisha nyuzi 37.5 umemaliza kazi."
Namba hiyo ni sahihi kwa mashine yenye feni. Kwenye boksi lenye taa tu, hewa ya moto hupanda juu na ya baridi hubaki chini, kwa hiyo kipimajoto kilichoning'inia karibu na mfuniko kinakusomea joto la mfuniko. Mashine nyingi za kienyeji zimetengenezwa kwa kufuata kimo cha yai la kuku, na la kware hulala chini zaidi. Shusha kipimajoto hadi usawa wa migongo ya mayai yako. Kama hakuna feni, hapo kisome nyuzi 38.5 hivi.

4. "Umeme ukikatika, mayai yote ni viza."
Wengi hutupa mayai mazima kwa sababu ya neno hili. Ubaridi wa saa chache hupunguza mwendo wa kiinitete, na mara nyingi hakifi. Joto kali ndilo linaloua haraka. Umeme ukikatika usifungue mashine. Ifunike blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na giza likiendelea, weka ndani chupa za maji ya moto. Usichelewe kufanya hivyo, maana yai dogo hupoa mapema kuliko la kuku. Umeme ukirudi, endelea kama kawaida, ukijua kwamba vifaranga huenda wakachelewa kidogo.

5. "Yanyunyizie maji kila siku."
Huu ni utaratibu wa wafugaji wa bata. Yai la kware linatakiwa lipoteze maji, kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake, ili chumba cha hewa kwenye upande butu kipanuke. Humo ndimo kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza kabla ya kutoboa ganda. Ukilowesha mayai, chumba hicho hubaki kidogo na kifaranga huzama ndani ya yai lake. Maji yakae kwenye chombo chini ya mayai: unyevu uwe asilimia 45 hadi 55 kwa siku 14 za kwanza, ambapo mayai hugeuzwa walau mara tatu kwa siku. Baada ya hapo acha kugeuza na upandishe unyevu hadi asilimia 65 au 75.

6. "Akikwama, mvunjie ganda."
Kware huanguliwa siku ya 17 au 18, si ya 21 kama kuku. Akishatoboa tundu la kwanza hutulia kwa saa nyingi, na hapo ndipo anapomalizia kuvuta kiini tumboni na damu iliyo kwenye utando. Ukimenya ganda unakata mishipa ambayo bado inafanya kazi. Tena kila ukifungua mfuniko unyevu hutoka, na utando wa mayai jirani hukauka na kuwabana vifaranga waliomo. Walioanguliwa wanaweza kusubiri wenzao, kwa kuwa kiini walichokivuta tumboni huwatosha hadi siku nzima. Ngoja mpaka siku ya 20 kabla ya kutupa yaliyobaki.

7. "Kware hutajirisha upesi."
Mayai 100 hayatoi vifaranga 100. Anayeanza akipata 60 amefanya vizuri, na karibu nusu yao watakuwa madume. Lakini kasoro kubwa ya dai hili ni hesabu ya soko. Kuku wa kienyeji huchukua miezi mitano au zaidi kabla ya kutaga, ilhali kware huanza akiwa na wiki sita au saba. Kutoka yai hadi yai ni kama miezi miwili, na hivyo ndivyo ilivyo kwako na kwa kila mwenye mashine mtaani. Kenya iliyaona haya: mwaka 2013 watu walimiminika kuomba vibali vya kufuga kware kwa shirika la wanyamapori, KWS, huku mayai yakisifiwa kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kufikia 2014 soko lilikuwa limefurika na bei imeporomoka. Wepesi uleule wa kuzaliana uliowavutia ndio uliowaangusha. Anayeanza leo atafute kwanza wanunuzi wa kudumu, hata kama ni hoteli mbili tu na majirani, ndipo aamue ni mayai mangapi ya kuweka mashineni.